Noti ya Mama Adelina Haipokelewi Kaniha

Anayewajibika kwa yaliyompata Mama Adelina ni Bwana Laurent, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya mavuno ya Kaniha katika mwaka wa mwisho wa utumishi wangu. Hawawajibiki wachuuzi wa gulio, wala mgeni rasmi aliyefika mapema, wala Mama Adelina mwenyewe. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu ninyi vijana wa kikundi cha sanaa hapa Ngara mmeniomba niwaandikie namna ya kujifunza mazingaombwe ya noti, na sioni haki kumfundisha mtu kazi kabla hajajua kazi hiyo ilimfikisha wapi yule aliyeijua kuliko sote.

Nilikuwa mtumishi wa upande wa utamaduni na burudani. Nilizunguka Ngara na Biharamulo nikikagua ngoma, kwaya, sarakasi na maigizo kabla hayajaoneshwa hadharani. Kazi yangu ilikuwa kutazama, kuuliza na kusaini. Ngoma nilizielewa. Kwaya zilijieleza zenyewe, mara nyingine kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lakini siku alipoingia ofisini mama mmoja fundi cherehani kutoka Kaniha, mkoba wa kitenge begani, akaomba kibali cha kuonesha michezo ya noti, nilimkatalia.

"Kwa nini, Bwana Afisa?"

"Kwa sababu sijui unachokifanya, mama. Siwezi kusaini nisichokielewa."

"Na wale waliotembea juu ya kamba mwezi uliopita, uliwaelewa?"

"Wale niliwaona."

"Basi na mimi nione. Toa noti."

"Noti ya serikali?"

"Kwani unayo unayoichapa mwenyewe?"

Nikatoa. Aliikunja, akaifunika kwa kiganja, akanung'unika kidogo kuhusu joto la ofisi yangu, akafungua mikono yote miwili. Noti haikuwapo. Nilitazama sakafuni, nikatazama chini ya meza, na mhudumu wa ofisi akasimama juu ya kiti bila kuambiwa. Mama Adelina akaomba niinue kidau cha muhuri. Noti ilikuwa chini yake.

"Umeelewa?"

"Sijaelewa."

"Basi hutasaini."

"Sitasaini."

Akavuta kiti karibu na meza yangu. "Haya, itabidi ujifunze. Mimi kibali nakitaka."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika fani hii, kwa njia ya utawala. Kila kazi iliponipeleka Kaniha nilipita kwenye baraza alikoweka cherehani yake, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye mshono, na somo likaanza. Alikuwa amenizidi umri, naye alinizidi subira pia. Michezo yenyewe alijifunza kwa marehemu mume wake, aliyewahi kufuatana na kikundi cha burudani kabla ya kurudi nyumbani kulima.

Sasa ninyi mnaotazama video kwenye simu mkadhani mmeelewa, sikilizeni. Msianze na noti. Anzeni na kitambaa. Mama Adelina alinikatia vipande vya pamba vyenye ukubwa wa noti, akanizuia kushika fedha mpaka nilipoweza kukikunja kipande mara tatu kwa vidole vya mkono mmoja huku nikizungumza jambo lingine. Kitambaa hakina ukaidi wa karatasi, kwa hiyo kinavifundisha vidole kabla havijaanza kugombana.

Mkifika kwenye noti, chagueni iliyozeeka. "Noti mpya ina mdomo," aliniambia. "Utaificha, halafu itaita jina lako." Ni kweli. Noti mpya inakwaruza, na mtu aliye mbali atasikia kabla hajaona. Noti iliyopita katika mifuko mingi hukunjika kimya na kukaa nyuma ya kidole gumba kama iliyozaliwa hapo. Ikunjeni upande uleule kila mara, ili vidole vijue pa kuishika bila kutazama. Kisha, na hapa ndipo wengi wenu mtakaposhindwa, msiutazame mkono wenye noti. Macho ya watu huenda yaendako macho yenu. Tazameni mkono mtupu kwa mapenzi, kama mkono wa mgonjwa anayepata nafuu.

Mimi nilikuwa na kasoro ya kutangaza. Nilizoea mikutano. Nilisimama mbele ya cherehani yake nikasema kwa sauti, "Tazameni, mkono wangu hauna kitu chochote."

Alisimamisha mguu kwenye pedali. "Nani amekuuliza?"

"Nawahakikishia watazamaji."

"Mtu akibisha hodi kwako akasema, 'Mimi si mwizi,' utamfungulia?"

Tangu hapo nimeacha kutangaza, hata katika mambo mengine.

Alinionya pia kuhusu mikono ya koti. Sikusikia, kwa kuwa koti langu lilikuwa na mikono mipana na nilidhani ni neema. Siku moja nilifanya mazoezi asubuhi, noti ikapanda hadi kwenye kiwiko, nikaisahau, nikaenda kumpokea mkubwa wangu wa kazi aliyetoka mkoani. Nilipompa mkono, noti ikateremka ikaangukia katikati ya viganja vyetu. Wote waliokuwapo waliiona.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ni ya mazoezi, mheshimiwa."

"Mazoezi ya nini?"

Ilinibidi nirudie mchezo mzima mbele ya wakuu wa idara ili kuthibitisha kwamba sikuwa nikitoa rushwa. Niliufanya vibaya, na ubaya huo ndio ulionisafisha. Mkubwa alisema mtu asiyeweza kuficha noti hawezi kuwa mla rushwa. Kwa hiyo, vijana, vaeni mikono mifupi.

Hayo ni ya vidole. Kazi ya noti katika wilaya zetu ina ugumu mwingine, ambao video zenu haziujui. Huko video zinakotoka, mchezaji anaazima noti kwa mtazamaji, anaipoteza, anairudisha, watu wanapiga makofi. Hapa kwetu, nani atakuazima noti? Mnajua wenyewe habari ya chuma ulete: mtu anakupa noti, unaiweka pamoja na fedha zako, naye akishaondoka noti ile inazivuta zako zote zinamfuata. Sijasema nasadiki. Nasema muuza duka anayeweka chumvi au pilipili kwenye sanduku la mauzo anasadiki, nao ndio watazamaji wetu. Kumwomba mtu wa namna hiyo noti, uipoteze mbele ya macho yake, kisha umrudishie mkononi, ni kumwomba akutunzie nyoka.

Mara ya kwanza tulipokutana na ugumu huu ilikuwa Kasulo, baada ya mimi kuelewa, kusaini kibali na kuanza kufuatana naye kukagua maonyesho. Mkulima mmoja jasiri alikubali kuazima, mchezo ukaenda vizuri, noti ikatokea ndani ya kiazi kitamu kilichochemshwa, watu wakacheka. Mama Adelina akamnyooshea noti. Mkulima akarudi nyuma.

"Weka chini, mama."

"Chini kuna vumbi, baba. Ni yako."

"Najua ni yangu. Lakini siichukui mkononi kwako."

Mimi, kwa nia ya kutatua, nikaona upo ungo wa mama mmoja aliyekuwa akipepeta maharage kando. Nikauazima, nikauweka mbele ya umati, nikasema noti iwekwe humo kama sehemu isiyo na upande. Umati wote ulirudi nyuma, na akina mama wawili wakabeba watoto wao.

Mama Adelina alinisogelea akaninong'oneza, "Bwana Afisa, watu wanaogopa uchawi, wewe unawaletea ndege yake?"

Tuliokolewa na sahani ya bati kutoka kwa muuza chai. Tangu siku hiyo sahani ya bati ilikuwa kifaa cha kazi. Mwenye noti anaiweka mwenyewe kwenye sahani, anaikunja mwenyewe, na mwishoni anaichukua mwenyewe kwenye sahani hiyo. Hakuna mkono unaompa mkono mwingine. Mkitaka kufanya kazi hii katika magulio yetu, msiondoke nyumbani bila sahani.

Ntobeye ilitufundisha la pili. Kule Mama Adelina alionesha mchezo wa noti inayochanwa na kurudi nzima. Fahamuni kwamba hakuchana noti. Kuharibu fedha ya nchi ni kosa, na nisingesaini. Alichana karatasi iliyotiwa rangi na kukatwa kwa kipimo, na noti nzima ilikuwa imekunjwa nyuma ya kidole gumba ikisubiri. Watu walishangilia, tukalala kwa mwenyeji wetu tukiwa na amani.

Kulipokucha tulikuta watu wamejaa uani. Kila mmoja alishika kitu: kikopo, kitambaa kilichofungwa fundo, mmoja gamba la kibuyu. Ndani yake kulikuwa na noti zilizoliwa na mchwa, noti zilizotafunwa na panya, noti zilizooza chini ya ardhi walikozifukia. Walikuja ziponywe. Mzee mmoja aliyetangulia mbele alifungua kitambaa chake, ndani mkiwa na kitu kama unga wa tumbaku.

"Hii ilikuwa mahari ya kijana wangu," alisema. "Ile ya jana ilikuwa vipande viwili tu. Naona hii itakuchukua muda. Mimi nitangoja."

Nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba benki hupokea noti zilizoharibika ikiwa zimebaki sehemu ya kutosha.

"Benki iko mbali, mwanangu," alisema kwa upole, "na huyu mama yuko hapa."

Mama Adelina hakucheka, na nawaomba na ninyi msicheke upesi. Alikaa kwenye jiwe, akachukua karatasi, akafanya mchezo wote tena polepole, akiwaonesha kidole gumba kabla na baada. Akageuza mkono. Akamshikisha yule mzee noti nyuma ya kidole chake mwenyewe.

"Kwa hiyo ya jana haikuchanika?" mzee aliuliza.

"Haikuchanika, baba."

"Basi ulitudanganya."

"Niliwadanganya, baba, na leo nawaambia."

Mzee alifunga kitambaa chake. Kisha akasema, "Heri umesema kabla sijaenda kumwahidi kijana."

Kuanzia hapo Mama Adelina aliweka sharti, nami nikaliingiza katika kibali chake: onyesho lisifungwe kabla ya kufunuliwa. Noti ya mtu irudi kwanza. Kisha mchezo mmoja uoneshwe kinagaubaga, ili watu waende nyumbani wakijua kwamba walichokiona ni vidole. Wapo wanaosema kufunua ni kuua fani. Nawajibu kwamba katika nchi yenye matapeli wanaodai kuzalisha noti kwa karatasi nyeusi na dawa, kufunua ndiko kunakoitenga fani na jinai. Mama Adelina alikuwa na sharti jingine, la kwake binafsi: hachezi Kaniha. "Nyumbani nashona," alisema. "Mteja akiniachia kitambaa asiwaze kama atakikuta."

Nafika sasa kwa Bwana Laurent.

Kamati yake ilitaka sherehe ya mavuno iwe na jambo jipya. Alimwendea Mama Adelina mara kadhaa, akakataliwa. Mwishowe alimwambia kwamba wananchi wa Kaniha watasikitika kusikia jirani yao anawachezea watu wa Ngara akiwanyima wao. Akakubali, kwa ahadi mbili: kwamba atatambulishwa kama fundi wa mikono, na kwamba atapewa muda wa kufunua. Bwana Laurent aliahidi yote mawili mbele yangu. Nilimsomea sharti la kibali kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya sherehe alishika kipaza sauti akatangaza, "Sogeeni mumwone mchawi wetu wa fedha!"

Nilimwona Mama Adelina akisita. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusogea. Aliomba noti. Kwa kuwa walikuwa majirani zake, alipata upesi. Aliyetoa alikuwa Bwana Shija, muuza chumvi na sabuni, ambaye familia yake ilihamia kutoka upande wa Shinyanga na ambaye duka lake liko hatua chache kutoka kwenye cherehani. Bwana Shija alitia alama ya kalamu kwenye pembe, akaikunja, akaiweka kwenye sahani. Ikafunikwa kwa kitambaa. Kitambaa kikaondolewa. Sahani ilikuwa tupu. Kiazi kilikuwa pembeni, kinasubiri kupasuliwa.

Hapo gari la mgeni rasmi likaingia uwanjani.

Bwana Laurent alikimbilia kipaza sauti. "Basi, basi! Mchawi wetu ameshashiba, sasa tumpokee mgeni rasmi!"

Umati ulicheka. Nilisimama nikamwambia, "Mwenyekiti, noti ya mtu haijarudi, na sharti la kufunua lipo."

"Kaa, Bwana Afisa. Mgeni hawezi kungojea kiazi."

"Ni suala la kumalizia tu."

"Atamalizia nyuma ya jukwaa!"

Nalieleza hili kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu. Kwaya ikaanza kuimba, na Mama Adelina akaondolewa uwanjani na vijana wa kamati, akiwa na sahani na kiazi mkononi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shija, akapasua kiazi mbele yake, akatoa noti yenye alama. Nilikuwepo.

"Hii hapa, jirani. Alama yako hii."

Bwana Shija hakunyoosha mkono. Hakuwa mkali. Alisema, "Mama, nilikuona unaichukua mbele ya watu wote. Kuirudisha unakuja pembeni. Hapana. Kaa nayo."

"Nitakufunulia. Tazama kidole changu."

"Mwenyekiti amesema umeshashiba. Mimi ni nani nibishe?"

Msimu uliofuata mvua zilikatika mapema. Watu hawakuwa na mazao ya kuuza, na asiyeuza hanunui. Duka la Bwana Shija likalegea, na mengine yakalegea nalo. Kila mwenye macho aliona mahindi yaliyokauka. Lakini gulioni ilisemwa kwamba biashara ya Kaniha ilianza kukauka siku ile, kwenye sahani ile.

Tangu hapo hakuna anayepokea noti kutoka mkononi mwa Mama Adelina. Nataka mlielewe jambo hili lilivyo hasa. Hakupigwa. Hakufukuzwa. Wanamsalimu, wanamwamkia shikamoo, wanamuuliza habari za miguu yake. Akitaka chumvi anaambiwa imekwisha ilhali iko mbele yake. Siku moja nilifuatana naye mwenyewe. Mama muuza dagaa alimpimia dagaa, akawafunga kwenye gazeti, akampa.

"Chukua tu, mama."

"Nalipa."

"Hera yako kaa nayo. Dagaa nimekupa kwa mapenzi."

"Mimi si ombaomba, binti yangu. Nauziwa."

"Basi rudisha dagaa, mama. Usinikasirikie. Nina watoto."

Akarudisha dagaa.

Kushona kulikaribia kwisha pia, kwa sababu mteja anayemlipa anahitaji chenji, na chenji inatoka mkononi mwake. Ninyi vijana mtaniambia, kama alivyoniambia mmoja wenu, kwamba siku hizi watu wanalipana kwa simu. Ni kweli, nayo ndiyo njia inayomlisha. Fedha ya simu haipiti mkononi, na wachuuzi wanaipokea bila neno. Nilipomwambia kwamba walau hilo limemsaidia, alijibu, "Limenisaidia kula, Bwana Afisa. Lakini kanisani kikapu cha sadaka kikifika kwangu, mzee wa kanisa anakipitisha kwa jirani." Hilo silo jambo la simu.

Baada ya kustaafu nilimfuata Bwana Laurent, ambaye sasa anaishi Biharamulo mjini, mstaafu kama mimi. Alinikaribisha chai. Alinieleza kwamba ulikuwa utani, kwamba mwenyekiti ana wajibu wa kuchangamsha watu, kwamba ujinga wa wananchi haumhusu yeye, mtu aliyesoma. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikatoa noti mfukoni, nikamwambia imetoka kwa Mama Adelina, ametuma mchango wake kwa ajili ya sherehe ijayo. Nikamnyooshea.

Alichukua kijiko cha chai, akaigusa noti kwa ncha, akaisukuma irudi upande wangu wa meza.

"Mwenzangu," alisema, "mimi nina biashara ya mbolea."

Nilikunywa chai yangu, nikaondoka.

Kwa hiyo, vijana, nimewapa niliyo nayo: kitambaa kabla ya karatasi, noti iliyozeeka, macho kwenye mkono mtupu, mikono mifupi, sahani ya bati, na kufunua kabla ya kufunga. Mengine mtayapata kwa Mama Adelina mwenyewe, aliye hai na ambaye vidole vyake bado ni vyepesi, mkimwendea kwa heshima, na mkishonesha nguo kwake, mpokee chenji kwa mkono.

Nanyi mkiwa mashahidi, ninamtaka Bwana Laurent, kwa jina lake na kwa cheo alichokishika siku ile, afike Kaniha siku ya gulio. Ashike kipaza sauti. Aseme kwamba alitoa ahadi mbili na hakutimiza hata moja. Kwamba onyesho lilikatwa kwa amri yake. Na kwamba noti ya Bwana Shija ilirudishwa siku ileile ikiwa na alama yake. Waliokuwa wajumbe wa kamati wasimame naye, kila mmoja aseme alikuwa wapi sharti la kibali lilipovunjwa. Kisha, mbele ya wachuuzi wote, Bwana Laurent apokee noti kutoka mkononi mwa Mama Adelina kwa mkono wake wa kulia, aitie mfukoni pamoja na fedha zake, na aseme asante.